Pointi Ziwe za Mtaa, Jina Libaki la Mwenyewe

Wasomaji wauliza

Barua tatu za safari hii, mbili kutoka Lamu na moja kutoka Malindi, zimegusa jambo moja: namna ya kutumia mashindano, pointi na zawadi ili wananchi washiriki katika mambo yanayowahusu, pasipo kuwaanika. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba mengi.

SWALI: Assalamu alaikum, ndugu mhariri. Sisi ni kikundi cha vijana wa Langoni, mjini Lamu. Tumechoka kuona vikao vya bajeti ya kaunti vikihudhuriwa na watu walewale, na mitaro ikiziba kila masika bila mtu kufikisha habari panapohusika. Mwenzetu mmoja anayejua kutengeneza programu za simu ametupangia mchezo. Mtu akipiga picha ya mtaro ulioziba, taka zilizorundikana au taa ya njia iliyozimika, anapata pointi 10. Akihudhuria kikao cha wadi, anapata 50. Kila Ijumaa majina ya watu kumi wa kwanza yatatangazwa, na aliyeongoza atapewa bando la intaneti. Tulipowaeleza watu wa mtaa, wengi walifurahi, lakini mama mmoja alituuliza: "Na mwenye taka zake akijua kwamba ni mimi niliyemsema, nitapita wapi?" Hatukuwa na jibu. Je, tuuache mchezo huu? (Msomaji, Langoni)

JIBU: Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Mchezo msiuache. Swali la mama huyo ndilo litakaloufanya uaminike, nami ningewashauri mumrudie, mkae naye barazani, mumwombe awe wa kwanza kuujaribu na kuukosoa.

Kwamba mchezo huwavuta watu, sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Anayetega kitendawili kikakosa mjibu hudai mji, akapewa, akasema aliyoyaona huko, na watoto wakakataa kwenda kulala mpaka na wao wapate mji wao. Bao nalo lina mashimo 32 na kete 64, na likishawekwa barazani halikosi watazamaji wa kusifu na kulaumu kila mtaji, yaani kila hatua ya kula kete. Tazama lakini kile ambacho bao halikihitaji. Hakuna anayeulizwa kitambulisho, nambari ya simu wala tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuruhusiwa kucheza. Mchezo wenu uupime kwa kipimo hicho. Ili mtaro uzibuliwe, mnahitaji kujua mtaro uko wapi, umezibwa na nini na tangu lini. Jina la aliyeuona halizibui kitu. Sheria nayo imesimama hapo hapo: Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, inamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue kiasi kinachohitajika kwa kazi aliyoitaja, asizidishe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu najua mwenzenu wa programu atawaambia kwamba majina yataondolewa na mambo yataisha. Hayataisha. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha kwamba takribani asilimia 87 ya watu wa nchi ile wangeweza kutambuliwa mmoja mmoja kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na nambari ya posta ya mahali wanapoishi. Ikiwa ni hivyo katika nchi ya mamilioni ya watu, itakuwaje katika mji ambao watu wake wanajuana kwa vizazi? Andika "mwalimu wa kike, miaka 34, Mkomani" bila jina lolote, kisha uliza mtu yeyote anayepita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu. Atakutajia jina lake, la mama yake na mlango wa nyumba yao. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2013 kwa kuchunguza mienendo ya simu za watu milioni moja na nusu, ulikuta kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya waliochunguzwa. Katika mchezo wenu kila picha ni nukta. Aliyeripoti mara nne kutoka kichochoro kimoja, alfajiri baada ya sala, amekwisha kuwachorea ramani ya kwake.

Tena haya yamewahi kutokea katika mchezo hasa. Mwezi Novemba 2017 Strava, programu ambayo wakimbiaji na waendesha baiskeli huitumia kushindana kwa kasi na masafa, ilitoa ramani ya dunia iliyoonyesha njia wanazopita wateja wake, bila jina la mtu hata mmoja. Mwezi Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akagundua kwamba katika maeneo ya jangwa, mahali palipotakiwa kuwa giza, paling'aa mizunguko ya askari waliokuwa wakifanya mazoezi ndani ya kambi zao. Hakuna aliyewasaliti askari hao. Pointi zao wenyewe ndizo zilizowataja.

Kwa hiyo, fanyeni hivi. Picha nyingi za simu hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa ikiwa mwenye simu ameruhusu. Programu yenu iifute alama hiyo picha ikiwa bado iko kwenye simu, kabla ya kutumwa. Badala yake, mtu achague mahali kutoka katika orodha mliyoitayarisha ya alama zinazojulikana na kila mtu, kama vile msikiti, kisima, gati au kona ya soko. Taarifa zisitangazwe siku hiyo hiyo. Zikusanywe kwa wiki moja, na mtaa ambao taarifa zake hazijafika kumi usubiri wiki inayofuata, kwa kuwa katika taarifa mbili ni rahisi kumkisia aliyezituma, na katika kumi si rahisi. Picha yenye uso wa mtu, mlango wa nyumba au punda mwenye alama ya kutambulika ikatwe au ikataliwe. Nimemtaja punda kwa kusudi, kwa maana Lamu punda ana mwenyewe, na mwenyewe anajulikana.

Kuhusu pointi, mimi ningezitoa mikononi mwa mtu mmoja mmoja na kuzipa mtaa. Orodha ya watu kumi wa kwanza huwafurahisha watu kumi, na kwa mashindano ya aina hii mara nyingi huwa ni wale wale, ilhali wa kumi na moja hukata tamaa. Aidha mama wa swali lile hatacheza kamwe akijua kwamba kushinda ndiko kutakakomtoa hadharani. Pointi zikiwa za mtaa, atacheza na hakuna atakayejua. Hata hivyo nina angalizo moja kwa anayeujua mji huu: ushindani wa mitaa ya Mkomani na Langoni una mizizi mirefu, na sitamani kuona mchezo wa mitaro ukifufua maneno yaliyolala. Kila mtaa ushindane na nafsi yake, mitaro iliyozibuliwa mwezi huu ikilinganishwa na ya mwezi uliopita.

Mkiona ni lazima mtu mmoja mmoja naye apate kitu, iko njia isiyohitaji majina. Chapisheni kadi ndogo za karatasi, kila moja ikiwa na nambari isiyofuatana na nyingine, mzitie kikapuni, na kila anayetaka kucheza atumbukize mkono achukue moja bila mtu kuitazama. Nambari hiyo ndiyo atakayoiandika anaporipoti, na kadi yenyewe ndiyo atakayoionyesha anapokuja kuchukua zawadi, au atamtuma mtoto aje nayo. Ninyi hamna daftari linaloonyesha nambari fulani ni ya nani, hivyo hata akija mtu mwenye cheo na kuwadai orodha, hamna cha kumpa. Kadi ikipotea, pointi zake zimepotea. Hasara hiyo ni ndogo.

Na hilo bando la intaneti linanipa mashaka. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kuunganisha vipande. Baadhi yao wakalipwa kwa kila fumbo walilolifumbua, na malipo yalipokoma, hamu yao ya kuyachezea ikapungua kuliko ya wenzao ambao hawakulipwa. Siku mfadhili wenu wa bando atakapochoka, mtakuwa mmewafundisha watu kwamba mtaro ulioziba una bei. Zawadi iliyo bora ni jibu. Wekeni ubao mahali pa wazi wenye safu tatu: mahali, siku taarifa ilipopokelewa, siku kazi ilipofanyika; na mtaa upate pointi chache taarifa inapofika, na pointi nyingi mtaro unapozibuliwa. Hapo utaona kwamba ofisi inayohusika nayo imeingia mchezoni, na ni haki yake kuonekana kwa jina la idara, kwa kuwa inafanya kazi ya umma kwa fedha za umma. Mwananchi anayeripoti yuko katika hali nyingine kabisa.

Nije kwenye vikao. Niliwahi kuhudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma ambapo karatasi ya mahudhurio ilipitishwa kutoka mkono hadi mkono: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Ilipomfikia bibi aliyeketi kando yangu ilikuwa na watu wapatao thelathini, na yeyote aliyekuwa na simu yenye kamera angeweza kuondoka na taarifa zao zote. Bibi yule aliikunja, akaniwekea mapajani, akasema, "Mwanangu, mimi nimekuja kusema, sikuja kujiandikisha." Nilidhani anazidisha. Kisha mwezi Juni 2021 Wakenya wengi walipofungua kumbukumbu za uanachama wa vyama vya siasa, wakajikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua, na nambari zao za kitambulisho zikiwa zimeandikwa sawasawa. Tangu siku hiyo ninamkumbuka bibi yule kila ninaposhika kalamu kikaoni. Naelewa kwamba ofisi inahitaji ushahidi kwamba kikao kilifanyika. Lakini idadi ya waliohudhuria, wadi wanazotoka na mchanganuo wa wanawake na wanaume vinaweza kupatikana kwa kuhesabu. Anayetaka kujulishwa kilichoamuliwa aandike simu yake kwenye karatasi yake mwenyewe na kuitia sandukuni. Pointi 50 za mahudhurio, kwa hiyo, zifuteni, kwa sababu haziwezi kutolewa bila kuweka rekodi ya nani alikuwa wapi.

Badala yake, lipelekeni bao kikaoni. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, kwa hiyo wakati wa kufanya zoezi hili ni kabla ya hapo. Tafuteni ubao wenye mashimo manane, kila shimo liwe na alama ya jambo moja: maji, zahanati, gati, shule, taka, mitaro, taa, barabara ya bara. Kila mtu apewe kete kumi, apite nyuma ya pazia peke yake, azigawe atakavyo katika mashimo yaliyofunikwa kwa kitambaa chenye tundu, ili asione wenzake walivyogawa. Mwisho kitambaa kinaondolewa mbele ya wote na kete zinahesabiwa kwa sauti. Asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwalimu, mwenye aibu ya kusema anashiriki sawa na msemaji, mzee wa mtaa hajui kijana wake amemwaga kete wapi, na matokeo hakuna anayeweza kuyakana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao makuu Nairobi, lilianza mwaka 2012 mpango wa kuwashirikisha wakazi kubuni viwanja vya umma kwa kutumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft, na miongoni mwa sehemu za mwanzo ulikuwa uwanja wa Silanga, Kibera. Kazi ile naisifu. Ila bao halihitaji umeme, wala haliwezi kumtumia mtu yeyote taarifa za mchezaji.

Neno langu la mwisho kwenu ni juu ya mpaka. Watu wa Lamu wanajua uzito wa kushirikishwa kuliko wengi nchini: tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mambo ya namna hiyo, pamoja na ya ardhi na bandari, msiyatie pointi. Penye mgogoro wenye fedha nyingi nyuma yake, pointi hununulika, na rekodi ya nani aliunga mkono nini huwa silaha. Huko watu wahitaji nyaraka kamili, muda wa kuzisoma na mwanasheria.

SWALI: Mimi ni mzazi wa Shela. Skuli ya mwanangu imeanzisha mashindano ya kuokota plastiki ufuoni, na mtoto anayeokota nyingi zaidi huwekwa picha yake, jina na darasa kwenye mtandao. Mwanangu amefurahi, mimi sina amani. Je, nina haki ya kukataa? (Mama Mwanafunzi, Shela)

JIBU: Unayo, mama yangu, na wala hukupaswa kulazimika kukataa, kwa kuwa skuli ndiyo iliyopaswa kukuomba kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na matumizi hayo yawe kwa maslahi ya mtoto. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza skuli moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila ridhaa ya wazazi.

Nenda kwa mwalimu mkuu kwa wema, umwambie kwamba kazi yenyewe unaiunga mkono. Lamu ni mahali ambapo mwaka 2018 ilishushwa baharini dau ya Flipflopi, iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na watoto wetu wana haki ya kujivunia hilo. Mwombe mashindano yawe baina ya madarasa. Magunia yapimwe kwa mizani, kilo ziandikwe ukutani, na picha itakayotumwa iwe ya magunia yaliyopangwa ufuoni. Mtoto wako atajua mwenyewe ni ngapi alizobeba.

SWALI: Kikundi chetu hapa Malindi kinataka kujua ni watu wangapi wameombwa na kutoa kitu kidogo ili wapate huduma ambayo ni haki yao. Tumeahidi siri, tumeahidi zawadi ya vikombe, na bado kila tunayemuuliza anasema hajawahi. Tufanyeje? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Wanasema hivyo kwa sababu kutoa kitu kidogo ni kosa sawa na kupokea, na ahadi yenu, hata ikiwa ya kweli, wao hawana namna ya kuihakikisha. Iko njia ambayo haimtaki mtu awaamini ninyi. Ilibuniwa na Stanley Warner wa Marekani mwaka 1965. Yeye alitumia kishale cha kuzungusha, na wengine baada yake wakatumia sarafu. Inapendeza kwa kuwa ni mchezo hasa, nayo hufanywa hivi.

Mtu achukue sarafu ya shilingi kumi, ile mpya yenye simba, airushe na kuitazama mahali ambapo wewe huoni. Ikiangukia upande wa simba, aseme "ndiyo", liwe lipi liwe. Ikiangukia upande wa nembo ya taifa, ajibu kweli. Sasa mtu akikwambia "ndiyo", hujui wala huwezi kujua kama ni simba aliyesema au ni yeye, na hata daftari lako likiibwa, aliyeliiba hajui pia. Lakini jumla itakuambia. Tuseme mmewauliza watu 200. Kwa kawaida ya sarafu, karibu 100 wataona simba na kusema "ndiyo" bila kujali. Ikiwa waliosema "ndiyo" ni 130, basi 30 waliosalia wametoka katika lile kundi la watu 100 walioona nembo na kujibu kweli, nako ni kukadiria kwamba watu 30 katika kila 100 wamewahi kutoa. Kwa watu 20 hesabu hii itawadanganya, kwa sababu sarafu chache huweza kuegemea upande mmoja. Msianze mkiwa na watu pungufu ya 200, na wakizidi ndiyo bora.

Mweleze kila mtu hesabu hii kabla hajarusha, kwa mfano wa mambo mepesi, kama vile nani alikula samaki jana, mpaka aone mwenyewe kwamba jibu lake halimtaji. Vikombe viacheni, kwa maana mtu aliyepewa zawadi hudhani kuna kitu anachodaiwa. Na sarafu itoke mfukoni mwake mwenyewe, airudishe mfukoni bila wewe kuiona.